Kuiga foleni kwenye kompyuta: wasomaji wanauliza

Barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka jambo moja: namna ya kujaribu geti, kivuko au dirisha la huduma kwenye kompyuta kabla hujatoa pesa mfukoni. Njia inayoulizwa huitwa uigaji wa matukio. Humo mfumo hautazamwi sekunde kwa sekunde. Hutazamwa pale tu kitu kinapobadilika: lori limeingia, lori limetoka, mashine imezima. Saa ya kompyuta huruka kutoka tukio hadi tukio, na dakika ambazo hakuna kilichobadilika hupitwa tu. Barua tumezifupisha.

Mizani ina nafasi, mbona malori yamejaa?

*Wahariri, salaam. Mimi ni karani katika yadi ya makontena. Tuna mizani moja getini. Lori huja, kwa wastani, kila baada ya dakika 10, na kulipima pamoja na karatasi zake ni dakika 8. Kwa hesabu yangu mizani inabakiwa na dakika 2 kwa kila lori. Mbona basi malori yanapanga mstari mpaka barabarani, na bosi anasema sisi makarani ni wavivu?* (Karani, Changamwe)

Ndugu yetu, wastani wako uko sawa. Aliyekosea ni bosi. Chukua malori sita tu ya asubuhi moja, dakika zikihesabiwa tangu saa mbili kamili:

| Lori | Pengo tangu lililotangulia | Limefika | Kupimwa | Limesubiri | Limetoka |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | – | 0 | 8 | 0 | 8 |
| 2 | 4 | 4 | 12 | 4 | 20 |
| 3 | 5 | 9 | 5 | 11 | 25 |
| 4 | 22 | 31 | 7 | 0 | 38 |
| 5 | 2 | 33 | 10 | 5 | 48 |
| 6 | 17 | 50 | 6 | 0 | 56 |

Mapengo yana wastani wa dakika 10 na upimaji wastani wa dakika 8, kama ulivyoandika. Hata hivyo nusu ya malori yamesubiri, na la tatu limekaa dakika 11.

Fuata jinsi kompyuta inavyofika hapo. Inashika vitu vinne: saa, hali ya mizani, idadi iliyo kwenye foleni, na orodha ya matukio yajayo iliyopangwa kwa wakati. Dakika ya 0 lori la kwanza linapanda mizani, na mambo mawili yanaandikwa kwenye orodha: la pili litafika dakika ya 4, la kwanza litatoka dakika ya 8. Saa inaruka hadi 4. Mizani imeshikwa, foleni inakuwa 1, na ujio wa lori la tatu unaandikwa dakika ya 9. Saa inaruka hadi 8: la kwanza linatoka, la pili linapanda, na kwa kuwa litachukua dakika 12, kutoka kwake kunaandikwa dakika ya 20. Dakika ya 9 la tatu linafika, linangoja mpaka 20, linatoka 25. Baada ya hapo hakuna lori mpaka dakika ya 31. Mizani imekaa bure dakika sita, na dakika hizo huwezi kuziweka akiba ukawagawia waliosubiri tangu dakika ya 9. Zile dakika 2 zako kwa kila lori ndizo hizo. Zipo kweli, ila zinakuja wakati hakuna wa kuzitumia.

Kwa malori mengi yanayokuja bila mpangilio, na upimaji unaobadilika sana (wenye hesabu huita mgawanyo wa eksiponenshali), kuna njia ya mkato. Mizani yako ina shughuli kwa 0.8 ya muda (8 kugawa 10). Uwazi uliobaki ni 0.2. Gawanya 0.8 kwa 0.2, zidisha kwa dakika 8: wastani wa kusubiri ni dakika 32 kabla lori halijagusa mizani. Mtandao ukiwa mzito na upimaji ukafika dakika 9, hesabu hiyo hiyo inatoa dakika 81. Umeongeza dakika moja tu kwa kila lori, foleni ikazidi maradufu. Mwonyeshe bosi mstari huo kabla ya mengine yote.

Upande wa pili nao ni mzuri. Ukipunguza upimaji hadi dakika 7, kusubiri kunashuka hadi kama dakika 16. Ukibaki na dakika 8 lakini kila lori likachukua zile zile 8 bila kupanda wala kushuka, kusubiri kunashuka hadi 16 vilevile. Njia ya bei nafuu ya kupata yote mawili ni kukagua karatasi pembeni, lori likiwa bado kwenye foleni, ili anayepanda mizani awe anapimwa tu. Mizani ya pili ingeshusha kusubiri hadi kama dakika moja na nusu, lakini hiyo ni pesa ya saruji na chuma.

Nina Excel tu

*Je, kuna haja ya kununua programu? Ofisini tuna Excel na hakuna bajeti.* (Msomaji, Shimanzi)

Kwa foleni moja yenye mhudumu mmoja, Excel inatosha kabisa. Weka nambari ya lori kwenye safu A, pengo kwenye B, muda wa huduma kwenye C na kusubiri kwenye D, mstari wa kwanza ukiwa wa vichwa. D2 andika 0. D3 andika =MAX(0, D2+C2-B3), kisha ivute chini. Maana yake: lori hili litasubiri muda aliosubiri mwenzake wa mbele, ujumlishe muda wa mwenzake kuhudumiwa, utoe pengo kati yao, ikitoka hasi, halisubiri. Kanuni hii ni ya Dennis Lindley, mwaka 1952. Ijaribu kwa malori sita ya jedwali la hapo juu; ukipata 0, 4, 11, 0, 5, 0, umeiandika sawasawa.

Kutengeneza mapengo ya kubahatisha yenye wastani wa dakika 10 andika =-10*LN(1-RAND()). Ile 1 ya kutoa ina kazi: RAND inaweza kutoa sifuri, na logi ya sifuri haipo, kwa hiyo kisanduku kimoja kikiingia kosa linatiririka mpaka chini. Kumbuka pia kwamba RAND hubadilika kila ukigusa karatasi. Ukitaka kulinganisha mipango miwili, nakili nambari hizo uzibandike kama thamani tupu.

Usitosheke na mistari 200. Mizani yenye shughuli ya 0.8 ni ngumu kuipima: hata kwa malori 5,000 usishangae ukipata 26 safari hii na 38 safari ijayo, ilhali jibu la kweli ni 32.

Excel inashindwa pale lori linapopita vituo vitatu, au mhudumu akiwa na zamu, au wanaosubiri wakiwa na vyeo tofauti. Hapo hamia SimPy, maktaba ya bure ya lugha ya Python, au JaamSim, ambayo nayo ni ya bure na hujengwa kwa kuburuta vipande kwenye skrini. Anayezoea R ana simmer. Programu za kulipia zina picha nzuri zaidi, na picha husaidia sana kwenye mkutano. Hesabu ya ndani ni ile ile.

Nikusanye nini, na saa ngapi?

*Nimepima muda wa kupakua malori sokoni Kongowea: wastani dakika 8, mchepuko wastani dakika 5. Nilipotumia mgawanyo wa kawaida, ule wa umbo la kengele, programu ilinipa muda wa hasi. Nimefuta hasi zote nikaweka sifuri. Ni sawa?* (Msomaji, Nyali)

Si sawa, dada. Kwa wastani wa 8 na mchepuko wa 5 (mchepuko ni kipimo cha jinsi nyakati zinavyotawanyika kuzunguka wastani), kengele inatoa hasi kama mara tano na nusu kwa kila mia. Ukizigeuza sifuri umeongeza wastani kimyakimya, na umeunda malori yanayopakuliwa kwa kufumba na kufumbua. Muda wa kazi ya mikono karibu kila mara una mkia mrefu upande mmoja: wengi humaliza mapema, wachache huchukua muda mrefu mno kwa sababu gunia limepasuka au mwenye mali haonekani. Migawanyo iitwayo lognomali na gama inafaa kwa umbo hilo. Huna takwimu kabisa? Waulize makuli mambo matatu: muda mfupi kabisa, muda wa kawaida, muda mrefu kabisa. Hayo yanatosha kuchora mgawanyo wa umbo la pembetatu, na pembetatu itafaa mpaka upate vipimo vya kweli.

Unapopima, andika nyakati tatu kwa kila lori: kufika, kuanza kuhudumiwa, kumaliza. Madaftari mengi yana wakati wa kumaliza peke yake, na humo huwezi kutenganisha huduma na kusubiri. Kosa jingine la kila siku ni kuhesabu muda wote lori lililokaa mahali pa kupakulia kuwa ni huduma, wakati nusu yake dereva alikuwa anatafuta mtu wa kutia sahihi. Aliyetafutwa naye ni sehemu ya mfumo. Mpe foleni yake.

Kuharibika kwa mashine kusichanganywe na muda wa huduma. Kreni inayozima dakika 6 kwa kila saa, na kreni inayozima saa 2 kwa kila saa 20, zote zinafanya kazi asilimia 90 ya muda. Kwenye ripoti zinafanana. Uwanjani ya kwanza haisumbui sana, ya pili inafunga barabara. Kwa hiyo umeme kukatika au kreni kuzima ni tukio linalojitegemea, lenye muda wake wa kutokea na muda wake wa kutengenezwa.

Kivuko cha Likoni

*Walimu wangu, nasoma chuo hapa Mombasa na mradi wangu ni feri za Likoni. Nimeweka kila feri kama mhudumu anayehudumia gari moja moja, nikatumia wastani mmoja wa magari kwa saa kwa siku nzima. Msimamizi amenirudishia kazi. Nimekosea wapi? Na je, niweke pia bamvua, mvua, nauli na meli zinazopita?* (Mwanafunzi, Tudor)

Msimamizi wako ana haki katika yote mawili. Feri haihudumii mmoja mmoja, inabeba kundi. Matukio yake ni haya: imegusa gati na kushusha mlango, waliomo wameshuka, imejaa au imeamriwa kuondoka, imeng'oa, imefika ng'ambo. Anayefika mlango ukishafungwa amekosa kundi zima, hata akichelewa kwa sekunde kumi. Gati nalo ni rasilimali: feri mbili zikilitaka kwa wakati mmoja, ya pili inangoja majini, na modeli isiyo na gati haitaona foleni hiyo ya feri zenyewe.

Kila upande una foleni mbili, waendao kwa miguu na magari, na vipimo vyao ni tofauti. Watu wahesabu kwa vichwa. Magari yahesabu kwa mita za sitaha wala si kwa idadi, kwa sababu trela moja inakula nafasi ya magari madogo matatu au zaidi. Hapo linazuka swali la kanuni: trela iliyo mbele isipoenea, je, tuktuk ya nyuma yake inapitishwa kuziba nafasi? Usibuni jibu. Simama pale uangalie anayeelekeza magari anafanya nini, kisha andika kanuni yake. Kanuni hiyo moja inaweza kubadilisha matokeo zaidi ya kasi ya feri. Magari ya wagonjwa yana foleni yao ya kutangulia.

Kuhusu wastani wa siku nzima: asubuhi mafuriko ya watu yanaelekea kisiwani, jioni yanarudi Likoni, na feri inarudi upande wa pili ikiwa na nafasi tele. Wastani wa siku unafuta jambo lile lile unalochunguza. Wengi hujaribu kurekebisha kwa kubadilisha kiwango kila saa, na hapo kuna mtego. Tuseme alfajiri magari ni 4 kwa saa. Kompyuta inabahatisha pengo kwa kiwango hicho, inapata dakika 50, na ujio unaofuata unaangukia katikati ya msongamano. Dakika za mwanzo za msongamano zimerukwa bila gari hata moja. Dawa ni kupepeta, njia iliyoandikwa na Lewis na Shedler mwaka 1979. Bahatisha mapengo kwa kiwango cha juu kabisa cha siku, tuseme magari 120 kwa saa. Kila gari linalotokea liulize kiwango cha saa hiyo ni kipi. Kama ni 12, likubali kwa nafasi 12 kati ya 120, yaani moja kati ya kumi, mengine yatupe. Kompyuta inapoteza kazi kidogo, lakini umbo la siku linatoka sawasawa.

Jambo jingine litakalokusaidia mbele ya msimamizi: usipime huduma kwa wastani wa muda kati ya feri. Feri zikiondoka kwa mapengo ya dakika 10 na 30 kwa kupokezana, wastani wa pengo ni 20, na wengi watasema abiria husubiri 10. Kwa kweli husubiri 12.5, hata kama feri haijai, kwa sababu watu wengi zaidi huangukia ndani ya pengo refu. Feri zikifuatana jozi jozi, abiria anaumia ingawa idadi ya safari haijapungua.

Meli ziweke. Mlango wa Likoni ndio njia ya meli kuingia bandari ya Kilindini, na meli ikipita feri husimama. Hilo ni tukio la kukatiza, lenye ratiba yake, na msongamano uliojengeka wakati huo huchukua muda kuisha. Ukilisambaza kama nusu dakika kwenye kila safari umeliua. Bamvua iweke ikiwa tu unachunguza muda wa kupakia, kwani maji yakipwa sana mteremko wa gati huwa mkali na magari hupanda polepole. Mvua iache mpaka uwe na vipimo. Nauli iache kabisa, isipokuwa kama foleni ya kulipa ndiyo inayochelewesha magari. Kitu kinaingia kwenye modeli kikiwa kinasogeza wakati wa tukio fulani au kinabadilisha uamuzi wa nani atangulie. Vingine vyote ni mapambo.

Kila nikiendesha napata jibu tofauti

*24, 37, 31. Programu imeharibika?* (Msomaji, Miritini)

Haijaharibika. Ungepata jibu moja kila mara ndipo tungetilia shaka, au tungejua kwamba unatumia mbegu ile ile ya nambari za kubahatisha. Mbegu ni nambari unayoipa programu ianzie. Mbegu moja hurudisha malori yale yale, ambayo ni baraka unapotafuta hitilafu na udanganyifu unapotoa ripoti.

Endesha mara 10, kila mara kwa mbegu yake, uchukue wastani mmoja kutoka kila mara. Tuseme wastani wa hizo kumi ni 31 na mchepuko wake ni 9. Gawanya 9 kwa kipeuo cha pili cha 10, zidisha kwa 2.26 (namba ya majedwali ya takwimu kwa sampuli ya 10): ripoti yako ni dakika 31, kuongeza au kupunguza 6.4. Ukitaka kukata hiyo 6.4 nusu, mara 10 ziwe karibu 40. Usichukue mchepuko wa malori ya siku moja ukadai una sampuli ya malori 500. Lori lililosubiri sana humfuata aliyesubiri sana. Hawa si mashahidi wa kujitegemea.

Unapolinganisha mipango miwili, ipe yote malori yale yale, yenye muda ule ule wa kupimwa. Tofauti itakayobaki ni ya mpango. Ili hilo litokee, ujio, huduma na kuharibika kila kimoja kiwe na mkondo wake wa nambari. Mkondo ukiwa mmoja, kreni kuzima mara moja zaidi kunabadilisha malori yote yanayofuata.

Kuhusu mwanzo: modeli huanza ikiwa tupu. Duka linalofungua saa mbili na kufunga saa kumi na moja kweli huanza tupu, usitupe kitu. Bandari haifungi. Huko chora wastani wa foleni kadiri muda unavyokwenda, uangalie unapoacha kupanda, na utupe vyote vilivyotangulia. Usipotupa, foleni itaonekana fupi kuliko ilivyo.

Madirisha mawili, foleni moja au mbili?

*Hamjambo. Zahanati yetu ina madirisha mawili ya dawa, kila moja na foleni yake. Wagonjwa ni kama 24 kwa saa, dakika 4 kila mmoja. Kuna anayesema tuwe na foleni moja. Si itakuwa ndefu mno, na wazee watachoka?* (Msimamizi, Kisauni)

Itaonekana ndefu na itakwenda haraka. Kwa takwimu zako, foleni mbili zisizochanganyika zinampa mgonjwa wastani wa dakika 16 za kusubiri. Foleni moja inayolisha madirisha yote mawili inampa dakika 7 na kitu kidogo. Wafanyakazi ni wale wale na kazi ni ile ile. Kilichoondoka ni dirisha moja kukaa bure huku jirani yake akiwa na watu sita. Kusema haki, watu wenu bila shaka huhama foleni wakiona ya pili fupi, kwa hiyo faida halisi itakuwa ndogo kuliko 16 kwa 7. Wekeni kuhama huko kwenye modeli kabla ya kuahidi.

Wazee na wajawazito wapewe cheo cha kutangulia, na wenye cheo kimoja wafuatane kwa kuwahi. Angalieni programu inavyowapanga walio sawa: programu iliyoandikwa ovyo huwachanganya, na mtu mmoja anaweza kuonekana amesubiri saa nzima bila sababu.

Modeli inaganda

*Nimejenga yadi: njia moja ya kuingilia, kreni moja, trela kadhaa. Baada ya dakika 300 hivi hakuna kinachosonga, wala programu haisemi kosa lolote.* (Msomaji, Jomvu)

Modeli yako imefungana kamba. Trela iliyoingia imeshika njia na inangoja kreni. Kreni imeinua kontena na inangoja trela nyingine, ambayo iko nje ikingoja njia. Kila mmoja anamngoja mwenziwe, hakuna tukio jipya linaloandikwa, orodha inabaki tupu, na kwa programu kazi imekwisha salama. Chapisha wakati huo nani ameshika nini na nani anangoja nini, duara litajitokeza. Ukiona aliyeshika ameshatoka yadini zamani, basi si duara, umesahau kumfanya aachie.

Kuna tiba mbili. Ama kreni isiinue kontena kabla trela yake haijawa chini yake, ama kila anayehitaji njia na kreni avishike kwa mpango mmoja: njia kwanza, kreni baadaye. Kabla ya kutibu, jiulize kama yadi ya kweli haifungani vivyo hivyo. Huenda inafungana kila siku na mnyapara anapiga kelele, trela moja inarudi nyuma, mambo yanaendelea. Modeli yako haina mnyapara.

Angalia pia matukio yanayoangukia wakati mmoja. Lori linatoka dakika ya 20 na jingine linafika dakika ya 20: kutoka kushughulikiwe kwanza, la sivyo anayefika atahesabiwa amekuta mizani imeshikwa. Na muda uweke kwa sekunde nzima. Kwa kompyuta 0.1 kujumlisha 0.2 si 0.3 kamili, na matukio mawili uliyodhani ni ya pamoja yanatengana kwa nywele, wakati mwingine kwa mpangilio usioutaka.

Nani alianzisha?

*Swali dogo: mambo haya yametoka wapi?* (Mwanafunzi, Mikindani)

Hesabu ya foleni ilianza na simu: A. K. Erlang, Copenhagen, 1909. Kuiga kwa kompyuta kulikuja baada ya vita, K. D. Tocher akiiga viwanda vya chuma Uingereza, kisha Geoffrey Gordon wa IBM akatoa GPSS, programu ya kuiga mifumo, mwaka 1961. Wanorwe Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walitengeneza Simula mjini Oslo katika miaka ya 1960, na kutokana na lugha hiyo ya kuiga foleni ndipo ulipotoka mtindo wa kuandika programu kwa vitu na tabaka zake, unaotumika sasa karibu kila mahali. Bernard Zeigler aliupa uigaji wa matukio msingi wake wa kihisabati, DEVS, mwaka 1976.

Bosi hataki kuamini

*Modeli inasema tuajiri karani wa kukagua karatasi badala ya kununua mizani. Bosi anasema kompyuta haijui Mombasa. Nimjibu nini?* (Msomaji, Changamwe)

Usimjibu kwa maneno. Chukua daftari la wiki iliyopita, lisha modeli nyakati zile zile za kufika na kupimwa, uone kama inatoa nyakati zile zile za kutoka. Siku itakayopishana sana ifuatilie lori kwa lori. Mara nyingi utakuta jambo ambalo hakuna aliyekuambia, kama mizani kufungwa wakati wa swala ya Ijumaa au lori la mteja fulani kupenyezwa mbele. Liweke ndani.

Kisha ijaribu kwa mambo ambayo majibu yake unayajua. Muda wa kupima ukiwa sifuri, foleni iwe sifuri. Malori yakija kila dakika 7 na kupimwa ni 8, foleni iendelee kukua mpaka uzime. Kwa ujio na huduma za eksiponenshali, kila dakika 10 na dakika 8, izunguke 32. Na kanuni ya John Little ya mwaka 1961 lazima itimie katika modeli yoyote: wastani wa walio kwenye foleni ni sawa na idadi wanaofika kwa dakika mara wastani wa kusubiri. Katika malori yetu sita, jumla ya kusubiri ni dakika 20 ndani ya dakika 56, yaani wastani wa 0.36 kwenye foleni. Na 6 kugawa 56, mara 20 kugawa 6, ni 0.36 hiyo hiyo. Zisipolingana, kuna lori limepotea ndani ya programu yako.

Bosi ana hoja moja ya kweli, na mpe: foleni ikipungua, madereva na mawakala watalijua ndani ya siku chache, na malori yanayokwenda kwingine au yanayokuja usiku yatahamia saa zenu. Endesha modeli tena kwa ujio wa kila dakika 9, kisha 8.5, umletee namba zote tatu.